Nguo za mtoto mchanga: maswali ninayoulizwa kila siku cherehanini

Kazi yangu ni kushona nepi, fulana za kufunga kwa kamba, kofia na vishuka vya watoto wachanga. Kwetu ni Wete, Pemba, lakini cherehani yangu iko Kikwajuni, Unguja. Wanaonijia zaidi ni mabinti wenye mimba ya kwanza, wengi wameongozana na mama zao, na mara nyingi mama na binti hawajakubaliana. Maswali ni yale yale, kwa hiyo nimeyaandika pamoja na majibu yake. Mimi si daktari. Ya afya niliyoyataja ni yale wanayotufundisha wakunga na madaktari kliniki, na mtoto akionekana mgonjwa usikae kusoma, mpeleke hospitali.

Ninunue nguo ngapi?

Chache kuliko unavyofikiri, isipokuwa nepi.

Hebu tupige hesabu. Mtoto mchanga hubadilishwa mara 8 hadi 12 kwa siku moja, usiku na mchana. Tuseme 10. Wakati wa Kaskazi, miezi ya joto na jua kali, nepi uliyoianika saa tatu asubuhi unaianua kabla ya adhuhuri, kwa hiyo nepi 20 zinakutosha ukifua kila siku. Masika ni habari nyingine. Nepi inashinda kambani siku mbili, na ukiishika bado unahisi ubaridi. Kama unatarajia kujifungua kati ya Machi na Mei, weka nepi 36.

Baada ya hapo: fulana 6 za kufunga ubavuni, kofia 2, soksi pea 3, vishuka vyepesi 4, taulo laini 2, na kanga kuukuu kadiri ulizonazo. Hivyo vinavyotundikwa dukani, seti ya vipande kumi na viatu juu yake, mtoto wa wiki mbili havimfai kitu. Hajaanza hata kukanyaga.

Mama yangu hataki ninunue chochote kabla sijajifungua. Anasema ni kumtabiria mabaya mtoto.

Usigombane naye. Ana hofu ya mtu aliyeona mengi. Lakini mtoto anazaliwa akiwa maji, na kitu cha kwanza anachohitaji ni kukaushwa, kuwekwa kifuani kwa mama yake na kufunikwa. Nguo hizo haziwezi kungoja mtu atoke kwenda sokoni Darajani.

Wengi nimewapatanisha hivi: mwezi wa nane wa mimba ukimalizika, begi la hospitali linafungwa, lakini linakaa kwa bibi, si chumbani kwa binti. Ndani yake weka doti 2 au 3 za kanga zilizofuliwa, nepi 10, fulana 2, kofia, soksi na kishuka. Vingine vikanunuliwe baada ya kuzaliwa. Bibi ameridhika, na mtoto hatalala bila nguo.

Saizi gani?

Watoto wengi wetu huzaliwa na kilo 2.5 hadi 4, na urefu wa kama sentimita 50. Nguo ndogo kabisa utaitumia wiki chache tu, wengine hawaiwahi. Nunua mbili za saizi hiyo, zilizobaki ziwe za miezi 0 hadi 3. Nguo ikimzidi kidogo unakunja mkono. Ikimbana huna la kufanya.

Akizaliwa chini ya kilo 2.5, fuata maelekezo ya wauguzi. Huenda akawekwa kifuani kwako, ngozi kwa ngozi, akiwa na nepi, kofia na soksi peke yake, na wewe ndiye unayekuwa nguo yake.

Nitajuaje kama kitambaa ni pamba kweli? Muuzaji kila kitu ananiambia pamba.

Tia tone la maji juu ya kitambaa. Pamba iliyokwisha kufuliwa hulinywa mara moja. Poliesta huliacha lisimame kama umande juu ya jani la mgomba. Kama tayari umenunua, chomoa uzi mmoja uuchome kwa kiberiti: pamba inanuka kama karatasi iliyoungua na inabaki jivu laini, poliesta inayeyuka ikafanya kishanga kigumu cheusi. Fanya hivyo mbali na mtoto.

Mimi binafsi kitambaa ninachokiamini kuliko vyote ni kanga kuukuu ya pamba. Kanga iliyovaliwa jikoni miaka minne, ikafuliwa mara mia, haina tena wanga wala rangi ya kutoka, nyuzi zimelegea, inakunywa maji na inakauka upesi. Ishike baina ya vidole uilinganishe na kipande kipya cha dukani, utajua mwenyewe. Mteja akinijia na kanga za marehemu bibi yake nikamkatia nepi, najua mtoto huyo hatapata mchubuko. Kanga mpya usimvalishe kabla hujaifua mara tatu au nne. Na uangalie sana, siku hizi zipo kanga za poliesta zenye maua mazuri kupita za pamba.

Kisha geuza nguo ndani nje uitazame mishono. Mshono mnene wa kwapani, lebo ngumu ya shingoni, uzi wa nailoni unaochoma: vyote hivyo mtoto hawezi kukwambia, atalia tu. Lebo ikate kwa uangalifu usiache ncha.

Mitumba je?

Inafaa, na mara nyingi ni pamba nzuri kuliko mpya za bei rahisi, tena zimeshalainika. Nyumbani pekua mshono kwa mshono: pini iliyosahauliwa, kifungo kinachoning'inia, zipu yenye kutu. Vuta kila kifungo kwa nguvu. Kikisogea, kikate ukishone upya. Loweka, fua kwa sabuni na maji ya moto, anika juani, kisha piga pasi pande zote mbili. Nguo yenye harufu ya dawa isiyotoka usimvalishe. Sababu utaiona huko chini.

Joto letu hili, mtoto avae nguo ngapi?

Hapa ndipo tunapokosea sana, kwa mapenzi. Mtoto anavishwa fulana, sweta, soksi, kofia ya sufu, akazungushiwa blanketi, na mama pembeni anajipepea kwa kipepeo cha ukili.

Mimi nilijifunza kwa tabu. Mwanangu wa pili alizaliwa Januari 2010, umeme ukiwa umekatika Unguja nzima tangu Disemba 2009. Ulirudi Machi. Kaskazi, hakuna feni, madirisha wazi na fukuto haliondoki. Siku ya sita mtoto alikuwa na harara shingo nzima, mgongoni na kwapani, vipele vidogo vyekundu kama mchanga, na alilia usiku kucha. Mkunga mmoja mzee wa mtaani aliingia kumtazama, hakusema kitu, akamvua sweta, akamvua soksi, akaitupa kofia juu ya kitanda, akamwacha na nepi na kifulana chepesi, juu yake pande la kanga. Mtoto akalala. Harara ilikauka kwa siku tatu.

Kanuni wanayotupa kliniki ni nyepesi: mtoto mchanga avae tabaka moja zaidi ya wewe uliyetulia chumba kile kile, na siku zake za kwanza kabisa hata mawili kukiwa na baridi. Kaskazi wewe uko na kanga moja. Yeye fulana na nepi, na kishuka chepesi akilala penye upepo. Kipupwe, Juni hadi Agosti, usiku Kusi inapovuma na chumba kina dirisha la upande huo, mwongezee nguo ya mikono mirefu na soksi.

Usimpime kwa kushika mikono na miguu. Ya mtoto mchanga huwa baridi mara nyingi bila ya tatizo. Shika kifua chake au nyuma ya shingo. Pakiwa pakavu na vuguvugu, yuko sawa. Pakiwa na jasho, punguza. Pakiwa baridi, mweke kifuani kwako umfunike. Kipimajoto kikionyesha chini ya 36.5, mpashe joto hivyo hivyo upime tena. Asipopata joto, au akilegea, nenda hospitali. Kikipita 37.5, mpunguzie nguo, mtoe penye joto, pima tena baada ya muda mfupi. Kisiposhuka, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kofia na soksi ni lazima?

Saa na siku za kwanza, ndiyo. Joto jingi humtoka kichwani. Baadaye, akiwa ndani na hali ya hewa yetu hii, si lazima. Akilala usimwachie kofia, inaweza kushuka ikamziba pua. Soksi zigeuze kila mara kabla ya kumvalisha uone kama hakuna uzi au unywele ndani. Unywele mmoja ukijizungusha kwenye kidole cha mguu unakaza mpaka kidole kinavimba.

Mkwe wangu ananiambia nimfunge mtoto kwa kanga, anyooke miguu.

Kumzungushia kanga kunamtuliza, hilo mkwe wako amesema kweli. Kumnyoosha miguu kwa kuikaza, hapana. Mtoto mchanga miguu yake inakaa imekunjika na kupanuka kama ya chura, na nyonga zake zinakomaa zikiwa hivyo. Ukiibana miguu pamoja unaweza kuitoa nyonga mahala pake. Kwa hiyo kanga iwe na nafasi kiunoni na miguuni, kifuani uweze kuingiza vidole viwili, na alazwe chali, si kifudifudi wala ubavu. Akianza kujaribu kugeuka, acha kabisa kumfunga. Mbeleko yetu, mtoto akipanuliwa miguu kiunoni pa mama, kwa nyonga ni nzuri. Lakini hiyo ingoje shingo ikaze.

Nepi inafungwa juu ya kitovu au chini?

Chini. Kunja upindo wa mbele ili kitovu kipate hewa na mkojo usikifikie. Usikifunge kwa kitambaa wala usipake majivu, mafuta au kitu kingine ulichoambiwa na jirani. Utafiti mkubwa ulifanyika Pemba kwetu, matokeo yake yakatoka mwaka 2016, kulinganisha kitovu kilichopakwa dawa ya klorheksidini na kilichoachwa kikavu na kisafi. Vifo vya watoto havikuonekana kutofautiana kwa kiasi cha kusema dawa ndiyo iliyosaidia. Usafi na ukavu vinatosha, ila kama mkunga wako amekupa dawa, fuata yeye.

Pampasi au nepi ya kitambaa?

Vyote viwili, kwa kadiri ya mfuko wako. Usiku na safarini pampasi inapumzisha. Mchana wa Kaskazi nepi ya kitambaa inapitisha hewa. Pampasi isikae zaidi ya saa tatu au nne, hata kama inaonekana haijajaa, na akienda choo ibadilishe papo hapo. Choo cha mwanzo, kile cheusi kinachonata kama lami, kifutie kitambaa kuukuu utakachokitupa. Ukimpaka mafuta ya nazi makalioni kabla, kitatoka bila kusugua.

Nifue vipi?

Nguo mpya zote zifuliwe kabla hazijavaliwa.

Nepi ya choo ikwangue, iloweke kwenye maji ya baridi. Si ya moto, ya moto yanapika doa likaganda kwenye nyuzi. Baadaye ndiyo unafua kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya mche isiyo na manukato makali. Fua peke yake, usichanganye na nguo za kazi za baba wala za samaki.

Kisha suuza, na hapa ndipo wengi wanapochoka. Maji ya kwanza yanatoa povu, ya pili yanatoa utelezi, ya tatu yanatakiwa yabaki kama yalivyotoka mferejini. Sabuni iliyobaki kwenye nepi ikilowa mkojo inaunguza ngozi. Wekundu mwingi wa makalio ninaoonyeshwa hapa dukani unatokana na mama aliyesuuza mara moja kwa sababu maji yalikuwa haba.

Mara moja kwa wiki chemsha nepi nyeupe dakika kumi. Maji ya kulainishia nguo yaache: yananukia vizuri lakini yanaipaka nepi mafuta, ikaacha kunywa. Dawa ya kung'arishia, ile ya klorini, usiitumie kila siku, na kamwe usiichanganye na siki. Moshi wake ni sumu.

Nguo za mtoto zina mkojo. Twahara inakuwaje?

Wengi wetu ni wa madhehebu ya Shafii. Mkojo wa mtoto wa kiume asiyetimiza miaka miwili na asiyekula ila maziwa, inatosha kupanyunyizia maji mpaka yaenee pote ulipogusa. Wa mtoto wa kike huoshwa. Choo cha wote wawili huoshwa. Na maji yetu ya ndoo na mabeseni ni machache, hayafiki kulateni, kile kiwango cha maji mengi kisichonajisika kwa kuguswa tu, kwa hiyo ondoa kwanza uchafu wenyewe kisha yamimine maji juu ya nguo. Ukiitumbukiza nepi yenye najisi ndani ya beseni, maji yote yananajisika. Hiyo ni ya ibada. Kwa ngozi ya mtoto, nepi ya mkojo ifuliwe kwa sabuni, awe wa kiume au wa kike.

Kisima chetu kina maji ya chumvi. Sabuni haitoi povu na nepi zinakuwa ngumu.

Tatizo la vijiji vingi vya pwani. Chumvi ikibaki kwenye kitambaa inavuta unyevu wa hewani, ndiyo maana nepi yako haikauki sawasawa hata jua likiwaka. Fua kwa maji hayo kama huna mengine, lakini maji ya mwisho ya kusuuzia yawe matamu. Masika kinga ya mvua inayotoka kwenye mabati, ukiacha ya mwanzo yaoshe paa. Sabuni isipopovuka, vijiko viwili vitatu vya siki kwenye ndoo ya kusuuzia husaidia kulainisha.

Masika nifanyeje nguo zikauke?

Kamua sana: viringisha nepi ndani ya taulo kavu, ikanyage, ndipo uianike. Anika barazani, nguo zisigusane. Ikibaki unyevu, maliza kwa pasi. Nguo iliyovundika, ile yenye harufu ya uvundo na vidoa vyeusi vya ukungu, irudishe majini hata kama ulishaifua jana. Usiianike juu ya jiko la mkaa ndani ya chumba alicholala mtoto. Moshi wa mkaa unaua kimya kimya.

Wazee wanasema nguo za mtoto zisibaki nje Magharibi ikiingia. Ni kweli?

Mimi nazianua kabla ya adhana. Bibi yangu alikuwa na sababu zake, na sijawahi kujuta kumtii: umande wa usiku unairudisha nguo kwenye unyevu, na wadudu wanaingia kwenye mikunjo. Ikung'ute kabla ya kuikunja.

Naweza kuzifukiza udi?

Za kwako, ndiyo, na mtoto akiwa chumba kingine. Zake, hapana. Moshi unaobaki kwenye nguo anauvuta kutwa, na mapafu yake bado hayajakomaa. Chetezo kisipitishwe chini ya susu yake wala kitanda chake. Poda nyingi ya kumwagia nguoni nayo iache.

Vidonge vya naftalini sandukuni vina ubaya gani? Mama zetu wote walivitumia.

Ningekuwa na uwezo wa kukujibu swali moja tu, ningechagua hili.

Mdogo wangu alikuwa na nguo za binti yake mkubwa, zimekunjwa vizuri sandukuni, na vile vidonge vyeupe katikati. Alipopata mtoto wa kiume, akazitoa, akazipunga upepo jioni moja, akamvalisha. Mtoto alikuwa akipakwa mafuta ya nazi kila akiogeshwa, kama kawaida yetu. Siku ya tatu macho yakawa ya njano. Ya nne akawa mweupe midomoni, hanyonyi, mkojo rangi ya chai ya rangi. Hospitali alilazwa chini ya taa ya buluu, akaongezwa damu. Swali la daktari lilimshangaza mama mtu: nguo hizi zilihifadhiwa na nini?

Baadhi ya watu wana upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD, kinacholinda chembe nyekundu za damu. Upungufu huu unarithiwa, unaonekana zaidi kwa wanaume, na ni wa kawaida katika nchi ambazo malaria imekaa tangu zama, visiwa vyetu vikiwemo. Mtu anaweza kuishi nao bila kujua. Naftalini ikiingia mwilini mwake, kwa kuvutwa au kupitia ngozi, chembe nyekundu zinapasuka. Kwa mtoto mchanga umanjano unaweza kupanda mpaka kuathiri ubongo. Na naftalini inayeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo ngozi iliyopakwa mafuta inaipokea kwa wepesi zaidi.

Tena havina kazi. Nondo anakula sufu na hariri, pamba haimshughulishi. Adui wa nguo zetu ni unyevu na mende. Nguo iliyokauka kweli kweli, iliyowekwa kwenye ndoo au sanduku lenye kifuniko kinachobana, itakaa salama. Ukitaka harufu, funga karafuu kavu ndani ya kitambaa uzitundike kwenye kabati la nguo zako wewe. Nguo uliyopewa ikiwa inanuka naftalini, fua, anika juani siku kadhaa, fua tena. Ikibaki harufu hata kidogo, si ya mtoto. Na blanketi la mgeni aliyekuja kumpakata mtoto linuse pia.

Mtoto akiwa wa njano machoni, asiponyonya, au mkojo ukibadilika rangi, ni hospitali, usingoje asubuhi.

Siku ya akika tunataka kumvalisha nguo ya lasi.

Mvalisheni, ni siku yake. Ndani yake awe na fulana ya pamba, lasi isimguse shingo. Mkishapiga picha, mvueni. Utepe, mkufu au uzi wowote usibaki shingoni akilala. Hirizi, kwa nyumba zinazotumia, isifungwe shingoni.

Siku ya chanjo avae nini?

Nguo inayofunguka mbele na miguuni. Sindano za chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 zinapigwa pajani, na ovaroli yenye zipu ndefu ya mgongoni utahangaika nayo huku mtoto analia na foleni inakungoja.

Nguo zikishambana nizifanyeje?

Fua, kausha juani mpaka zitoe joto ukizishika, kunja, andika saizi kwenye karatasi uiweke juu. Kama hungoji mtoto mwingine karibuni, mpe mzazi mwenzako mtaani sasa hivi, zingali laini. Nepi za mwanangu wa mwaka ule wa giza zimeshavaliwa na watoto watano, na ya mwisho kati yake nimeifanya kitambaa cha kufutia cherehani.